Kapteni Doha, msaidizi Nairobi: kwa nini rubani harudi tu nyumbani

Kila shirika la ndege la Afrika Mashariki linapopokea ndege mpya, kuna mama mahali fulani, Moshi au Kisumu, anayempigia mwanawe simu Dubai. Ameiona ndege kwenye televisheni, amesikia ngoma na hotuba, ameona magari ya zimamoto yakiimwagia maji. Swali lake ni fupi.

"Mwanangu, ndege si hizo zimeshakuja? Rudi basi."

"Nitarudi mama. Acha mkataba uishe kwanza."

Mama anakata simu akiamini kwamba kinachomshika mwanawe huko ni pesa. Pesa zimo, na tutazifikia. Lakini ukiwasikiliza marubani wetu wanaofanya kazi katika mashirika ya Ghuba, yaani Emirates, Etihad na Qatar Airways, mazungumzo huchelewa sana kufika kwenye mshahara. Huanza na kiti. Mtu anataka kujua akirudi atakaa upande gani wa chumba cha marubani, kwenye ndege ya aina gani, na kwa miaka mingapi kabla ya kustaafu. Picha ya ndege mpya ikimwagiwa maji haijibu lolote kati ya hayo.

Tange haijali mvi

Daktari bingwa akihama hospitali, ubingwa wake unahama naye. Kwa rubani wa shirika kubwa mambo ni tofauti. Leseni ni yake, saa za kuruka alizokusanya ni zake, lakini cheo ni mali ya mwajiri. Kushoto hukaa kapteni, mwenye kauli ya mwisho. Kulia hukaa rubani msaidizi, ambaye naye ana leseni kamili na hupokezana na kapteni wake kuirusha na kuitua ndege. Atakayetoka kulia kwenda kushoto hupatikana kwa mitihani na tathmini, ndiyo, lakini foleni ya kuifikia mitihani hiyo katika mashirika mengi hupangwa na tange, ile orodha ya watumishi inayofuata tarehe ya kuajiriwa.

Tange hufanya zaidi ya kugawa vyeo. Hutumika kuamua nani apewe ndege kubwa, nani apate likizo Desemba, na siku shirika likiyumba, nani apunguzwe kwanza. Kwa kawaida hupunguzwa aliyekuja mwisho. Kwa hiyo kapteni mwenye miaka 48, mwenye saa maelfu kwa maelfu na mvi za kutosha, akiajiriwa leo katika shirika la nyumbani huenda akaandikwa chini ya kijana wa miaka 26 aliyetangulia kuajiriwa kwa mwezi mmoja. Atakaa kulia. Kapteni wake anaweza kuwa mtu ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake kwenye chuo cha urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi.

Ipo njia ya mkato: shirika linapokosa makapteni wa kutosha, huajiri mtu moja kwa moja kwenye kiti cha kushoto. Hutokea zaidi pale shirika linapozaliwa au kufufuliwa. Uganda Airlines iliporudi angani Agosti 2019 haikuwa na tange ya kumpandisha mtu, ikabidi itafute watu waliokwisha kuiva. Air Tanzania ilipoanza kununuliwa ndege mwaka 2016, zikianza zile Bombardier mbili ndogo za Dash 8 Q400, ilikuwa katika hali ya kufanana na hiyo. Dirisha kama hilo hufunguka kwa miaka michache tu. Wasaidizi wa ndani wakishakomaa, kila kapteni anayeletwa kutoka nje anakuwa amechukua kiti cha mtu fulani aliyesubiri, na chama cha marubani hakikosi kusema.

Katika ugomvi huo sioni mwenye makosa. Kijana aliyevumilia miaka minane kiti cha kulia, akala na mishahara iliyochelewa, ana haki ya kuuliza huyu wa Dubai alikuwa wapi wakati wa shida. Na wa Dubai ana haki ya kuuliza kwa nini uzoefu ambao nchi inausifu kwenye hotuba hauna thamani kwenye barua ya ajira.

Viti navyo havichipuki vyenyewe. Kiti cha kapteni hupatikana mtu akistaafu, akiondoka, au ndege ikiongezeka. Ndege moja ya masafa ya kati huhitaji kwa kawaida marubani kumi au zaidi, kwa sababu watu wana ukomo wa saa za kazi, wana likizo, wanaugua, na hurudi darasani mara kwa mara. Ndege za safari ndefu huhitaji zaidi, maana safari moja inaweza kubeba marubani watatu au wanne wanaopokezana kulala. Kwa hiyo ndege tatu mpya zinaweza kuwafungulia njia watu wengi, na ndege tatu zilizoegeshwa kwa kukosa injini zinaweza kuifunga njia hiyo hiyo kwa miaka.

Sasa weka umri. Kwa viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, rubani wa ndege za abiria za kimataifa zenye marubani zaidi ya mmoja anakoma akifika miaka 65. Ukomo huo ulikuwa 60 hadi mwaka 2006. Mwaka 2025 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilipendekeza upandishwe hadi 67, na pendekezo hilo halikupita. Mtu wa miaka 40 akirudi kama msaidizi na kusubiri miaka saba, atakuwa kapteni akiwa na 47, na mbele yake kuna miaka 18 ya kula matunda. Wa miaka 54 akisubiri miaka hiyo hiyo saba atabakiwa na minne. Barua ya ajira ni ile ile, maneno ni yale yale, lakini kwa mmoja ni uwekezaji na kwa mwingine ni hisani.

Si kila ndege ni ndege

Jirani anadhani anayeweza kurusha dege kubwa la Emirates atashindwaje kurusha kadogo ka kwenda Dodoma. Leseni haisomeki hivyo. Rubani huwa na kibali cha aina ya ndege, na kibali cha Boeing 777 hakimruhusu kugusa Airbus A220, wala cha A220 hakimruhusu kugusa Dash 8. Kila aina ina darasa lake, simuleta yake, yaani mashine ya mazoezi inayoiga ndege, na mtihani wake.

Hapa bahati huanza kugawanyika. Aliyekuwa kwenye Boeing 777 yuko pazuri, kwa sababu watengenezaji waliitengeneza 787 ifanane nayo kwa makusudi. Mamlaka za Marekani na Ulaya huzihesabu kuwa familia moja, na mafunzo ya tofauti zake yanaweza kuisha ndani ya siku chache. Kenya Airways ina 787, Air Tanzania inazo pia. Mtu huyo anaweza kuwa na faida kwa shirika la nyumbani ndani ya muda mfupi na kwa gharama ndogo. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo turufu kubwa kuliko zote, ingawa wengi hawaitaji wakati wa mazungumzo ya ajira.

Aliyekuwa kwenye A380 hana ndege ya kurudia. Mashirika ya ndege yalikabidhiwa ndege hizo 251 tu, Emirates ikachukua 123, na hakuna shirika la Afrika lililowahi kununua hata moja. Kinachomwokoa ni kwamba Airbus nyingi zinafanana chumba cha marubani, kwa hiyo kuhamia A330 kama zile mbili za Uganda Airlines ni safari fupi kuliko kuhamia Boeing.

Wa tatu ni yule anayeambiwa: nafasi ipo, lakini kwenye Dash 8. Wengi hulipokea hilo kama tusi. Mimi nadhani wanakosea kidogo. Rubani wa 777 anayekwenda Los Angeles kutoka Dubai hukaa angani kama saa 16, na kwa kuwa wako wanne, mwezi unaweza kwisha akiwa ametua kwa mikono yake mara chache mno. Kanuni zinadai angalau kuruka mara tatu na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na wapo marubani wa safari ndefu wanaolazimika kuingia simuleta ili tu kutimiza hesabu hiyo. Kijana wa Dash 8 anayezunguka Dodoma, Mwanza, Bukoba na Songea anazimaliza tatu kabla ya chakula cha mchana, tena kwenye viwanja vyenye mvua, ndege wa mwituni na njia fupi. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna aliyekimbia nchi na kuvumilia joto la Doha miaka kumi ili arudi kuanza upya hapo.

Halafu kuna karatasi. Ukihamia Ghuba, mamlaka ya huko hukupa leseni yake, na ile ya nyumbani, ya KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, watu wengi huiacha ilale. Kuiamsha kunataka barua ya uthibitisho kati ya mamlaka mbili, uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa, mtihani wa sheria za anga za nchi na jaribio la simuleta. Hayo yote huchukua wiki, mara nyingine miezi, na katika miezi hiyo hakuna anayekulipa. Wazoefu huihuisha leseni ya nyumbani kila wanapokuja likizo, kabla ya kwenda kuona mashamba.

Gharama ya mafunzo nayo ina mwenyewe. Shirika likikusomesha aina mpya ya ndege, litakusainisha mkataba kwamba utalitumikia miaka kadhaa, la sivyo ulipe kilichobaki. Anayetoka Ghuba kabla mkataba wa huko haujaisha, akaingia nyumbani na kusaini mwingine, huwa amefungwa kamba miguu yote miwili.

Pesa, sasa

Kwenye Ghuba mshahara hauna kodi ya mapato. Juu yake huwa kuna nyumba au posho ya nyumba, mchango wa ada za shule za watoto, bima ya afya na tiketi. Mwaka ukiwa mzuri kuna bonasi: Emirates iliwagawia wafanyakazi wake sawa na mshahara wa wiki 24 mwaka 2023, wiki 20 mwaka 2024 na wiki 22 mwaka 2025. Unaporudi, unalinganisha hati mbili za mshahara zisizofanana hata safu.

Kenya, tangu Julai 2023, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 500,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 32.5 na inayozidi 800,000 hutozwa asilimia 35. Ongeza asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii. Tanzania kiwango cha juu ni asilimia 30, lakini kinaanza mapema sana, kwenye sehemu inayozidi shilingi milioni moja kwa mwezi, kwa hiyo karibu mshahara wote wa rubani unaangukia humo. Ukiona shirika la nyumbani limetangaza mshahara unaokaribia wa Dubai, kata theluthi moja kwanza ndipo ulinganishe, na ukishakata kumbuka kwamba nyumba na shule sasa ni juu yako.

Kwa Mkenya kuna kifungo kingine ambacho hushtua watu. Sheria ya kodi ya mapato humhesabu kuwa mkazi mtu mwenye makazi ya kudumu Kenya ambaye alikuwapo nchini kwa kipindi chochote katika mwaka husika, na mkazi anatozwa kwa ajira yake ya ndani na ya nje. Yule aliyejenga Kitengela, akaweka familia, akawa anakuja kila likizo, asingoje kurudi ndipo amtafute mhasibu.

Kiinua mgongo cha Ghuba kina mtego wake. Kwa sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, unahesabiwa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na jumla haivuki mshahara wa miaka miwili. Neno la kushika ni msingi. Posho ya nyumba haimo. Posho za safari hazimo. Mtu aliyezoea kuona tarakimu kubwa ikiingia benki kila mwezi hupiga hesabu ya kiinua mgongo kwa tarakimu hiyo, akajengea ghorofa kichwani, kisha akapewa cha nyumba ya chini. Na kabla hakijafika mkononi, benki yenye mkopo wako wa gari inaweza kukizuia. Kuacha kazi Dubai ukiwa na madeni ni kujitafutia zuio la kusafiri, jambo la aibu kwa mtu ambaye kazi yake ni kusafiri.

Sarafu nayo ina la kusema. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725, haiendi kokote. Shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, na katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu 130. Aliyekuwa analipa mkopo wa nyumba Nairobi kwa dirhamu aliona nguvu ya mshahara wake kwa shilingi ikipungua karibu moja ya tano ndani ya miezi michache, bila bosi wake kugusa kitu. Anayelipwa kwa shilingi na kulipa ada ya shule ya kimataifa kwa dola anaishi upande wa pili wa hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayerudi, humshauri aanze na sarafu ya madeni yake.

Shirika lenyewe litakuwapo?

Haya yote yanachukulia kwamba mwajiri wa nyumbani atasimama. Historia inataka tahadhari, na hapa Kenya ina somo kamili zaidi kuliko jirani zake.

Kenya Airways ilianzishwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, ikabinafsishwa 1996 KLM ikiwa mbia, na kwa miaka mingi ilikuwa ndoto ya kila kijana wa Wilson. Kisha ikajitanua kwa kasi, ikakopa kununua ndege, na utalii ukayumba baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, Ebola ya Afrika Magharibi ikafunga njia zake za huko mwaka 2014. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 26.2. Ndege zake kubwa za 777-300ER zikakodishwa kwa Turkish Airlines, na baadhi ya 787 zikaenda Oman Air. Marubani waliokuwa wakizirusha walibaki wakitazamana, na Ghuba, iliyokuwa ikijaza ndege mpya kila mwezi, ilikuwa inaajiri. Wengi wa wanaofikiria kurudi leo waliondoka katika wimbi hilo. Mtu akikwambia walikimbilia anasa, mkumbushe kwamba ndege zao ndizo zilizotangulia kuondoka.

Mwaka 2020 Uviko ukageuza meza. Emirates ilipunguza wafanyakazi kwa maelfu, marubani wakiwamo, na kundi la makampuni yake likaandika hasara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka thelathini. Katika nchi ambayo viza yako inategemea kazi yako, kupunguzwa kuna maana ya kufungasha nyumba nzima na kuwatoa watoto shuleni. Wakarudi Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam, wakakuta ndege za nyumbani nazo zimeegeshwa. Halafu Oktoba 2021 Emirates ikatangaza inataka watu zaidi ya 6,000 kwa miezi sita, wakiwamo marubani 700. Aliyekuwa ametumia mwaka mmoja na nusu akijifunza ufugaji wa kuku alijikuta tena uwanjani na masanduku.

Novemba 2022 waliobaki Kenya Airways waligoma. Madai ya chama chao, KALPA, yalihusu mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni na mishahara iliyozuiwa tangu 2020. Safari zilifutwa kwa siku kadhaa, maelfu ya abiria wakakwama, mahakama ikawaamuru warudi kazini. Kwa aliyekuwa akitazama kutoka Doha, tukio lile lilikuwa na sura mbili. Ya kwanza: nyumbani hata akiba ya uzee inaweza kusimamishwa. Ya pili, ambayo husahaulika: nyumbani unaweza kugoma. Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi wala migomo, na Qatar hairuhusu wageni kujiunga na chama. Ukipangiwa ratiba ya kukuchosha, njia yako ni kuandika barua kwa adabu.

Baadaye Kenya Airways ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya muongo. Magazeti yakashangilia, na bila shaka akina mama wakapiga simu. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaja na hasara ya zaidi ya bilioni 12, sababu kubwa ikiwa 787 tatu zilizosimama kwa uhaba wa injini na vipuri. Dar es Salaam iliyaonja hayo mapema, pale A220 za Air Tanzania ziliposimama kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney yaliyokumba mashirika mengi duniani. Ndiyo maana faida ya mwaka mmoja hainisisimui. Anayetaka kujua kama atapanda cheo na ahesabu ndege zinazoruka, aache zilizoandikwa kwenye taarifa.

Tanzania ina fundo jingine. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kwenye anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyothibitishwa na Tanzania, ukitaja udhaifu wa usimamizi wa mamlaka. Watu husoma habari hiyo kama suala la fahari ya taifa. Kwa rubani ni suala la njia: 787 isiyoweza kwenda Ulaya itategemea Guangzhou, Mumbai na Dubai, na kila njia inayokosekana ni saa za kuruka zinazokosekana. Ni suala la mlango wa kutokea pia. Akirudi, mambo yakaharibika, akataka kuondoka tena, mwajiri mpya atatazama saa zake za karibuni alizipata chini ya usimamizi wa nani. Kwa anayerudi Dar leo, kuiacha leseni ya Ghuba ife ni kosa ambalo halina faida yoyote.

Na wale waliopitia Kanada au Uingereza wakachukua uraia wa huko? Mkenya ana ruhusa ya uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima hana, na anaweza kujikuta akiomba kibali cha kazi katika nchi aliyozaliwa.

Barua ya ajira

Mengine hayana kanuni. Mke ana kazi yake Abu Dhabi. Mtoto yuko mwaka wa mwisho wa mtaala wa Kiingereza. Baba ameanza kusahau majina ya wajukuu. Juni 2025 anga la Qatar lilifungwa kwa saa kadhaa kambi ya Al Udeid, yenye wanajeshi wa Marekani, iliposhambuliwa kwa makombora, na usiku huo swali la kurudi liliulizwa na watoto kabla ya wazazi. Anayerudi kwa sababu kama hizo mara nyingi anajua anapoteza pesa na cheo, na haoni haja ya kumweleza mtu.

Lakini kwa anayerudi kwa hesabu, kazi yote iko kwenye barua ya ajira. Ahadi ya mkurugenzi kwenye chai kwamba "tutakuangalia haraka" haina nafasi kwenye tange, na mkurugenzi mwenyewe huenda mwaka kesho asiwepo; mashirika yetu hubadilisha wakubwa kuliko yanavyobadilisha matairi. Kinachotakiwa kuandikwa ni tarehe itakayotumika kwenye tange, aina ya ndege atakayopangiwa, masharti na muda wa tathmini ya ukapteni, sarafu ya malipo, mkataba wa mafunzo utapunguaje mwaka hadi mwaka, na nini kitatokea kwa mchango wake wa uzeeni shirika likiyumba. Wengi huomba mshahara uongezwe kidogo na kuyaacha hayo. Ningekuwa wao ningefanya kinyume.

Upande wa mashirika kuna dawa ya bei nafuu, nayo ni likizo bila malipo. Rubani anayetaka kwenda Ghuba miaka mitatu anaondoka huku jina lake likibaki mahali pake kwenye tange, na akirudi anarudi na saa, na kibali cha ndege kubwa kilicholipiwa na mtu mwingine. Mashirika kadhaa duniani hufanya hivyo kazi zikipungua, kwa sababu ni rahisi kuliko kumfukuza mtu kisha kumtafuta upya. Kwetu anayeaga hufutwa, halafu baada ya miaka kumi tunamwomba arudi kwa uzalendo, aanze kulia.